Tangawizi Isiyotemwa

Mjukuu wangu wa Njiro huniwekea tangawizi kwenye chai, na mimi hukiacha kikombe mpaka kipoe. Hudhani ninadeka. Hajui harufu ile inanipeleka wapi.

Nilikuwa na miaka tisa, enzi za Mwingereza, kwetu miteremkoni mwa Meru. Kila Julai kifua changu kilikoroma. Bibi yangu, aliyenilea, alipanda msituni kuchimba tangawizi pori, nyembamba na kali kuliko hii ya sokoni. Nusu aliichemsha, nikainywa huku machozi yakinitoka. Nusu aliitafuna mwenyewe, akanitemea kifuani, pu, pu, akisema, "Ukue, uzeeke, unizike." Kwetu mate ya mzee ni baraka. Mimi niliona kinyaa, nikajifuta kwa siri.

Siku moja kwenye mafundisho ya kanisa, mwinjilisti alituuliza ni nani hutuponya tukiugua. Wenzangu wakajibu Mungu. Mimi na kimbelembele changu nikasimama. "Mimi huponywa na Bibi, Mwalimu. Alinitemea tangawizi!"

Watoto wakaangua kicheko. Mwinjilisti hakucheka. "Akitema anasema nini?"

Nikamweleza yote, tena kwa madaha.

Jumapili iliyofuata jina la Bibi lilisomwa mbele ya usharika. Ametengwa na Chakula cha Bwana kwa kufanya matambiko. Bibi huyo huyo aliyebeba kichwani mawe ya kujengea kanisa lile! Tangu hapo alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, miaka yote iliyombakia, na alipokufa kengele haikupigwa. Wazee wa kanisa waliomtenga wameshakufa wote, na bado nina hasira nao.

Bibi alijua ni mimi niliyesema, lakini hakuniuliza lolote. Julai nyingine ilipofika alinichimbia tangawizi kama kawaida, akaichemsha, nikainywa. Kisha nikafungua vifungo vya gauni, nikangoja atafune. Akanifunga tena, kifungo kimoja kimoja.

"Inatosha, mjukuu wangu. Kalale."

Nilidhani amenichukia, nikalala nimenuna. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Alijua nitaulizwa tena, na hakutaka niwe na jambo la kusema wala la kuficha.

Kifua kilipona. Nimekua, nimezeeka, nimemzika. Lakini baraka yake ya mwisho niliifuta mwenyewe, kwa pindo la gauni.