Kilomita za Fundi Aliyelala

Fundi wa pikipiki ninayemsema hapa alikuwa na ugonjwa mmoja: kuandika kilomita. Ukimpelekea pikipiki, hata kama inatoa moshi kama jiko la kuni, haigusi kwanza. Atainama, atasoma mita, atabandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya tangi na kuandika namba kwa kalamu. Siku unayokuja kuichukua mnaisoma wote wawili. Mafundi wengi huzurura na pikipiki za watu, na yeye hakutaka mtu amnyooshee kidole. Miaka ishirini na saba ya kazi, hakuna aliyemnyooshea. Wakamwita Mita, na jina likamganda kuliko lile alilopewa na mama yake.

Mtu mwaminifu kiasi hicho, utadhani hajawahi kusema uongo. Aliusema mmoja, ukamtosha. Mama yao alikuwa akiishi kwa dada mtu, nchi ya jirani. Alipozidiwa, dada alipiga simu: "Mdogo wangu, njoo, anakuulizia." Mita akajibu kwamba pikipiki imeharibika. Fundi huyo! Pikipiki ilikuwa mlangoni, nzima kabisa. Ukweli ni kwamba aliogopa kumwona mama akiwa amebaki mifupa mitupu. Mama akafa, dada akamzika peke yake, wala hakulaumu. Kila mara alisema tu, "Chombo kikiharibika utafanyaje?" Miaka tisa Mita aliyameza maneno hayo kama mtu anayemeza misumari.

Basi mwaka huu mpwa wake, binti wa huyo dada, akampigia. Mama yake hali, halali, na madaktari wametikisa vichwa. Mita hakungoja kesho. Akafunga duka, akaandika kilomita, akapanda pikipiki ile ile na kuvuka mpaka. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na alitaka kulisema dada angali anasikia.

Siku ya tatu, kwenye kona yenye kokoto, gurudumu la mbele likateleza. Mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Wapita njia wakamfikisha kwenye zahanati ya mji mdogo, na daktari akamfunga plasta mpaka kwenye paja. "Wiki sita," alimwambia. "Ukienda kuutikisa mguu huu kwenye gari, tutaukata." Muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa akipangisha chumba nyuma ya zahanati akampokea. Pikipiki, ambayo ilipinda usukani tu, iliegeshwa barazani chini ya dirisha lake, na hata akiwa na homa Mita aliibandika utepe mpya na kuandika kilomita. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibao chenye jina la mji wa dada, na mbele yake: kilomita 236.

Sasa ona alivyobanwa. Angepiga simu aseme nini? Kwamba pikipiki imeanguka? Dada angejibu kwa upole ule ule, chombo kikiharibika utafanyaje, na safari hii ukweli wenyewe ungenuka uongo. Akamwambia mpwa wake, "Nipo njiani," akakata haraka.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, na kalenda ya mwaka uliopita. Asubuhi muuguzi alileta chai na mkate. Mchana alileta vidonge vya maumivu, na hivyo vilimlaza fofofo tangu saa saba mpaka saa kumi. Siku ya nane jioni, alipokwisha kuzoea magongo, Mita alitoka barazani kuisalimia pikipiki yake. Akasoma utepe, akasoma mita. Mita ilikuwa imeupita utepe kwa kilomita mia nne sabini na mbili.

"Mama," akamwita muuguzi, "nani ameendesha pikipiki yangu?"

"Aendeshe nani? Ufunguo si unalala nao?"

Kweli, ufunguo ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwa kamba.

"Labda ulikosea kuandika, mwanangu. Ulikuja hapa na homa kali."

Kumwambia Mita kwamba alikosea kuandika ni kumtukana. Akabandika utepe mpya, akaandika, akamtaka muuguzi aisome namba kwa sauti. Mama wa watu akaisoma, huku akimtazama kwa jicho la huruma. Kesho yake saa kumi, mia nne sabini na mbili tena. Injini ilikuwa ya moto hata ikamuunguza kidole. Magurudumu yalikuwa na vumbi jeupe, na udongo wa mji ule wote ni mwekundu.

Akang'oa plagi, akailaza chini ya mto. Fundi yeyote atakuambia kwamba injini isiyo na plagi ni chuma tu. Siku hiyo alivikataa na vidonge, akaapa kukaa macho. Saa saba ilipofika, macho yakajifunga yenyewe. Alipozinduka, plagi ilikuwa pale pale chini ya mto, ya moto, na shuka limeungua tundu jeusi. Muuguzi aliliangalia lile tundu, akaiangalia plagi, akabadilisha shuka. Tangu hapo hakupita tena barazani mchana.

Mita akairudia ile namba, mia nne sabini na mbili. Akagawanya kwa mbili, ingawa hakutaka. Mia mbili thelathini na sita kwenda, mia mbili thelathini na sita kurudi. Na hata dereva mwendawazimu hawezi kuzimaliza zote kwa saa tatu.

Siku ya ishirini alipiga simu.

"Mjomba!" mpwa wake alisema kwa furaha. "Leo mama amekula. Asante sana."

"Asante ya nini?"

Binti akacheka. "Haya, wewe na utani wako."

Mita aliiweka simu kitandani taratibu. Hakupiga tena. Aliogopa kwamba siku moja ataomba kuongea na dada, kisha asikie sauti yake mwenyewe ikipokea.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba kama wa mtoto. Kesho yake alfajiri akanyoosha usukani, akarudisha plagi, akamuaga muuguzi, akaondoka pole pole na gongo moja limefungwa nyuma. Mji wa dada hakuwahi kuukanyaga. Lakini udongo ulipogeuka mweupe, alijikuta anakata kona kabla ya kumuuliza mtu, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka akasimama mbele ya geti la bluu. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Mpwa wake alikuwa anaanika nguo. "Shikamoo, mjomba. Leo umewahi! Hata kiti hatujakuwekea." Kisha akaliona gongo. "Na mguu tena? Jana si umetoka hapa mzima?"

"Nimeteleza," Mita alisema.

Dada alikuwa amelala kwa ubavu, mdogo kuliko alivyomkumbuka, lakini macho yake yalikuwa yake. Mita akaketi. Akaanza kulitoa neno alilolibeba miaka tisa.

"Dada, siku zile za mama. Ile pikipiki..."

"Haikuwa imeharibika," dada akamalizia. "Umeshaniambia. Umelia hapo mpaka nikaogopa. Nimekusamehe, mdogo wangu, tena mara mbili. Usinichoshe."

Kifua cha Mita kikawa chepesi ghafla, akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Papo hapo wivu ukamwingia. Msamaha ulikuwa wake, ila maneno hakuyasema yeye. "Nilisemaje, dada?" aliuliza. "Hebu niambie nilivyosema."

Dada alinyoosha mkono, akaushika wa Mita, halafu akaupapasa kiganja kwa kidole gumba, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Mkono wako leo una joto," alisema. "Siku zote huja wa baridi."

Akamtazama usoni kwa muda mrefu, bila hofu. Kisha akautazama mlango.

"Basi nawe kaa," akasema. "Mwenzio huja saa saba."

Mita alikaa. Mpwa wake alileta chai, ikapoa bila kuguswa. Dada alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Pikipiki ilikuwa uani, imezimwa, ufunguo shingoni mwake. Saa saba ilipofika alisikia usingizi unampanda kuanzia miguuni, mzito, ule ule wa kule chumbani kwa muuguzi. Akaushika mkono wa dada yake kwa mikono yote miwili, akauma midomo, akajikaza asifumbe macho.