Aliyepima Kizimba cha Chatu

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize. Mbavu zangu mbili zilivunjika saa nane mchana, mjini Migori, na daktari aliziona kwenye picha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Masara, kwenye machimbo ya dhahabu. Mfanyabiashara mmoja, Odhiambo, aliniita mjini Migori nimtengenezee vizimba. Alikuwa amekodi stoo isiyo na dirisha, akaijaza wanyama wa kuonyesha watu kwa kiingilio: kakakuona, fisi mwenye kidonda, na chatu jike aliyemtoa Kendu Bay akiwa amelalia mayai. Kwetu chatu akija hivyo hafukuzwi. Akina mama humpelekea kuku na kushukuru kwamba mvua imefika. Odhiambo alimtia guniani mbele yao, mayai yakapasuka, nao wakalia kama wako msibani.

Na kizimba? Nilikipima mimi, kwa tepu yangu. Niliona wazi chatu hataweza kujinyoosha, lakini nikakata vyuma vifupi vilevile ili nimalize haraka. Najichukia kwa hilo.

Siku ya ufunguzi nilikuwa ndani na Odhiambo, nakaza bawaba, mlango umefungwa. Nikageuka, mama mmoja amesimama nyuma yangu. Alipitia wapi?

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "ni nani alipima hii nyumba?"

"Mathe, hatujafungua! Toka!" Odhiambo akafoka.

Mama akanikumbatia. Niamini, kila nilipotoa pumzi mikono yake ilikaza zaidi. Nikasikia ubavu ukivunjika, halafu mwingine. Nikamnyooshea Odhiambo kidole.

"Ni yeye!"

Akaniachia. Odhiambo alichukua panga akamkata begani, na halikutoka hata tone la damu. Kisha akakumbatiwa yeye. Nikiwa sakafuni nilisikia mifupa yake yote ikivunjika, damu ikimtoka puani na mdomoni, mpaka akanyamaza.

Nilipoinua macho, mama hayupo. Chatu alikuwa kizimbani, kufuli limefungwa, na karibu na shingo ana jeraha bichi la panga linalochuruzika damu.

Polisi waliandika kwamba ni nyoka. Nyoka gani hujifungia kufuli akimaliza? Wanyama wakapelekwa mbugani Ruma.

Mjane wa Odhiambo huja kunishukuru kwamba mumewe hakufa peke yake. Namkaribisha chai, namficha kwamba mimi ndiye niliyemnyooshea mumewe kidole.

Nawe ukiulizwa ni nani alipima, usimnyooshee mtu kidole. Mvua zikianza, mama yule husimama mlangoni kwangu na kuniuliza tena, taratibu, na kifua kinaanza kubana. Bado sijamjibu.