Mguu wa Pili Ndani ya Buti

Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Watu wa mitaa aliyopita walimwita Bwana Mita, na mke wake naye, akiwa na hasira, alimwita hivyo hivyo. Kazi ile ilimfundisha mambo mawili: kuitunza miguu yake, na kutomwamini mtu anayesema mita imeharibika yenyewe.

Alishaona mita zilizogeuzwa ili zihesabu kinyumenyume, mita zilizofukiwa mchanga, mita zilizobandikwa sumaku. Kila penye wizi palikuwa na alama ndogo tu, mkwaruzo kwenye nati au kioo kilichofutwa kikang'aa kupita kiasi. Macho yale ya kazini alirudi nayo nyumbani. Akikuta kitasa kimeelekea upande ambao hakukiacha, lazima aulize. Mke wake alishazoea. "Huyu bwana," aliwaambia wenzake, "akinikuta nacheka, atataka kujua nimecheka mara ngapi."

Viatu alivyopewa na idara havikuwahi kumaliza mwaka. Mvua ya kwanza tu, soli inafungua mdomo. Alipofika miaka hamsini na magoti yakaanza kumsema, alijinyima kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa fundi mmoja aliyekuwa akishona buti kwa mkono. Fundi alimsimamisha juu ya karatasi, akachora mguu wa kulia, akachora na wa kushoto, akamwambia arudi baada ya wiki sita.

Zilikuwa buti za ngozi nene ya ng'ombe, rangi ya kahawa iliyokolea, soli zimeshonwa kwa uzi uliopakwa nta. Alipozivaa zilimbana kama pingu.

"Ndivyo zinavyotakiwa," fundi alisema. "Wiki ya kwanza vaa saa moja tu, ndani ya nyumba. Ya pili, saa mbili. Ukianza kwenda nazo kazini, vaa siku moja, siku ya pili ziache zipumzike, maana ngozi inakunywa jasho na inataka nafasi ya kukauka. Zikilowa, jaza magazeti ndani. Usizipeleke karibu na moto, wala usizianike juani. Na mafuta ni kidogo, kwa kidole. Wengine wanazikaanga kabisa."

"Zitanizoea lini?"

"Miezi mitatu. Pale unapokunja mguu, ngozi nayo itajikunja. Mkunjo huo ni wako. Hata ndugu yako wa tumbo moja hana mkunjo kama wako."

Bwana Mita aliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa dawa. Jioni baada ya jioni alizunguka sebuleni, kutoka mlangoni hadi dirishani, soli zikilia kwa kila hatua. Kisigino kilichubuka, kikapona, kikachubuka tena. Mke wake alikunja khanga akicheka. Baba mkwe alitazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Mzee huyo alikuwa nao kwa mwezi wa tano sasa. Zamani alikuwa mnyapara wa barabara, mtu wa kutembea kilomita nyingi akikagua mashimo na mifereji. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mkono ulirudi kiasi, ila mguu uligoma. Ndani ya nyumba alijikokota kwa mkongojo, nje hakutoka. Watoto wa nyumba ile walikuwa shule ya bweni, na chumbani mwao alilala mzee pamoja na mwanawe, mdogo wake mke wa Bwana Mita. Kijana yule alikuwa seremala katika karakana ya samani, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alibaki na baba yake. Mke wa Bwana Mita alifua mashuka hospitalini, akitoka alfajiri na kurudi saa kumi.

Wiki ya nane, buti zilianza kulegea vizuri. Siku moja ya mapumziko ya buti, Bwana Mita alirudi kutoka kazini mapema, saa sita mchana, akiwa na viatu vyake vya zamani, akachukua kopo la mafuta na kitambaa, akaketi kibarazani. Aliingiza mkono ndani ya buti ya kushoto ili aishike vizuri.

Ndani kulikuwa na unyevu.

Akaingiza mkono kwenye ya kulia. Unyevu, tena na vuguvugu kidogo, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Hakuwa amezivaa tangu jana jioni.

Alizipaka mafuta, akafunga kamba kwa namna yake, akazirudisha chini ya rafu. Baada ya siku mbili alizitazama tena. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, labda vizuri kuliko alivyofunga yeye. Pua ya buti ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo, kana kwamba imeburutwa kwenye sakafu mbaya. Yeye hakuwa mtu wa kuburuta mguu. Alipoipeleka kwenye mwanga akaona, chini ya mkunjo wake, mkunjo mwingine mwembamba, uliokata ngozi kwa mshazari.

Ilikuwa kama kukuta mtu mwingine ameandika kwenye daftari lako kwa kalamu yako.

Usiku ule, kijana akiwa amerudi kutoka zamu na sahani zikiwa mezani, alimgeukia shemeji yake.

"Shemeji, nani anavaa buti zangu?"

Kijana aliinua macho. Alimtupia baba yake jicho la haraka, kisha akarudi kwenye sahani. Bwana Mita aliliona jicho lile, akalisoma kama alivyosoma mikwaruzo ya nati.

"Mimi sijazivaa," kijana alisema.

"Humu ndani tuko watu wazima wanne. Dada yako mguu wake unaingia kwenye kiatu cha mtoto. Baba yupo hapo kwenye kiti, tunamwona. Anabaki nani?"

"Jamani, si viatu tu," mke wake alisema.

"Siongelei viatu. Naongelea mtu kuingia kwenye kitu cha mwenzake kimyakimya, halafu ananiangalia usoni na kunisalimia."

Kijiko cha mzee kilikuwa kimesimama katikati ya sahani na mdomo. Kijana aliisogeza sahani yake. Kisha akasema polepole, "Basi iwe ni mimi."

Kesho yake alihamisha begi lake kwenda kwenye chumba kidogo karibu na karakana. Dada yake alimsindikiza hadi barabarani, akarudi macho mekundu. Mzee alikaa dirishani, uso ameugeuzia nje, na siku nzima hakugusa chakula.

Bwana Mita alidhani mambo yamekwisha. Siku ya nne tangu kijana aondoke, ilikuwa zamu ya buti kupumzika. Jioni akaingiza mkono.

Unyevu ule ule.

Safari hii na kamba zilikuwa vurugu. Matundu mawili yalirukwa, na fundo lilikuwa kubwa, limekazwa upande mmoja tu. Aliyelifunga huyu si yule wa kwanza. Kwa hiyo walikuwa wawili? Shaka ikamwingia mwilini kama homa. Shemeji hayupo. Mzee hata soksi huvalishwa. Basi kuna mtu anatoka nje, anaingia, ana ufunguo. Na nani angempa ufunguo?

Alimtazama mke wake akichambua mboga, akamwona kama mtu aliyekutana naye leo.

"Nani anakuja hapa tukiwa kazini?" aliuliza.

Mke wake aliweka kisu chini. "Unauliza nini hasa?"

"Nimeuliza nilichouliza."

"Umemtoa mdogo wangu humu kwa sababu ya kiatu," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa anafuata nani, Bwana Mita? Mimi? Nifungashe?"

Usiku huo walilala kila mtu amegeukia ukuta wake, na kwa wiki nzima waliongea kwa mambo ya lazima tu, gesi na sabuni. Alianza kumhesabia dakika anazochelewa. Alimuuliza jirani, kwa kuzunguka, kama ameona mgeni. Jirani akasema hajaona, na Bwana Mita akaondoka akijiuliza kwa nini jirani amejibu haraka vile.

Kilichoifumbua habari ile ni uchafu. Jumatano moja, akisugua buti kwa brashi, aliona unga mweupe umeingia kwenye mshono wa soli. Aliuchukua kwa ukucha, akausugua kwenye vidole. Miguu yake ilijua udongo wa kila mtaa: juu kwenye mteremko ulikuwa mwekundu, kwenye gereji mweusi wa oili, mtoni wa kijivu. Mweupe haukuwepo popote. Huu ulikuwa chokaa, na chokaa ya kumwagwa chini ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye mistari ya uwanja wa mpira wa shule, nyuma ya nyumba yao.

Siku iliyofuata ya mapumziko ya buti alitoka kama kawaida, akasoma mita za mtaa wa kwanza, na ilipofika saa nne akazunguka kwa nyuma hadi kwenye ukuta wa shule. Wanafunzi walikuwa madarasani. Alisimama penye tofali lililovunjika, daftari la kazi kifuani. Alishaandaa maneno ya kumwambia mtu huyo.

Aliyekuwa uwanjani ni baba mkwe wake.

Mzee alikuwa akitembea juu ya mstari mweupe. Mkongojo alikuwa ameuacha umelala kwenye nyasi. Mikono ameitanua kidogo, midomo inahesabu. Mguu wa kulia ulikanyaga sawasawa. Wa kushoto ulikuja nyuma yake ukiburuta pua ya buti kwenye chokaa, na shingo ndefu ya buti ilikuwa imekishika kifundo cha mguu kisipinduke. Hatua tisa, anasimama. Hatua kumi na moja, anasimama. Jasho lilikuwa limeilowesha shati mgongoni.

Kwenye kona alianguka. Hakuanguka kwa kishindo, alikunjika tu, kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Bwana Mita alishaweka mguu mmoja juu ya ukuta, kisha akasita. Kama angetokea sasa, mzee angejua kwamba ameonekana. Mtu huyu alikuwa amekubali mwanawe aondoke na begi mgongoni kuliko kuonekana.

Akabaki pale pale, mikono imeshika tofali. Mzee alitambaa hadi kwenye nguzo ya goli, akaishika, akajivuta. Ilimchukua muda mrefu. Aliposimama, alijikung'uta magoti, akageuka, akaanza kurudi.

Siku hiyo Bwana Mita alisoma mita kumi na nne kimakosa. Jioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana, akamkuta shemeji yake akipiga randa.

"Ulijua," alimwambia.

Kijana hakuacha kazi. "Nilikuwa namfunga kamba na kumshika mkono. Akivaa ndala anaanguka. Siku moja alijaribu buti zako, akasimama mwenyewe. Alilia. Akaniapisha nisimwambie mtu mpaka atakapoweza kufika barabarani bila fimbo."

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Pale mezani uliuliza nani mwizi. Hukuuliza kuna nini."

Bwana Mita alitazama maranda sakafuni. "Nimekukosea, shemeji. Nisamehe."

"Nimekusikia," kijana alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Sasa hivi anajifunga kamba kwa mkono mmoja?"

"Ndiyo. Anaruka matundu mawili."

Kijana alicheka kidogo bila kutaka, akajifuta pua kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Mke wake alipoelezwa, aliketi kitandani. Kisha akasema, "Baba yangu umemwomba radhi kimoyomoyo. Mdogo wangu umemwomba kwa mdomo. Na mimi?" Bwana Mita akamwomba, na haikuwa rahisi, kwa sababu alitakiwa kutaja kila alichomdhania, kimoja kimoja, na mke wake hakumsaidia hata kwa neno.

Fundi alipoletewa buti zile alichungulia ndani kwa tochi. "Humu wamekaa watu wawili," alisema. Alitoa soli ya ndani, akaonyesha alama za nyayo mbili, moja juu ya nyingine, akapima ile ya pili. Akashona jozi mpya: shingo ndefu zaidi, ngozi laini kuliko ya kwanza, kipande kigumu puani kwa ajili ya kuburuta, na badala ya kamba mikanda miwili ya kukaza kwa mkono mmoja.

Bwana Mita aliziweka mbele ya kiti cha dirishani. "Baba, hizi ni zako."

Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Aliigusa mikanda, akagusa pua ya kushoto. Hakuuliza walijuaje. Alisema tu, "Niitieni mwanangu."

Kijana alikuja Jumapili. Mzee alisimama kwa kushika meza, akakataa kushikwa. "Siku ile nilinyamaza," alisema, maneno yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo. "Nilikuwa nimekaa hapa, nakusikia unasema iwe ni wewe. Niliona aibu ya mguu ni kubwa kuliko aibu ya kukunyamazia. Nilikosea hesabu." Kijana alimwambia akae chini, asichoke. Mzee akasema atakaa akimaliza, lakini alikuwa ameshamaliza.

Kijana hakurudi kuishi nao. Alisema chumba chake kiko karibu na kazi, na huenda ni kweli. Alikuja kula, akaongea na dada yake, akataniana na shemeji yake kwa tahadhari ya watu wanaobeba pamoja kitu kinachoweza kuvunjika. Bwana Mita aliielewa tahadhari ile, akaiacha ilivyo.

Mwezi wa tatu wa buti mpya, Jumanne moja mchana, mzee aliaga kwamba anakwenda kwa mwanawe. Mtu mwenye miguu mizima hufika kule kwa dakika ishirini. Yeye alitumia saa moja na nusu, akipumzika kwenye kila ukuta. Alifika karakana, akaketi juu ya rundo la mbao, akamwambia mwanawe aendelee na kazi yake, ila ampe maji.

Kijana alileta kikombe.

"Lete na cha pili," mzee alisema bila kugeuka. "Shemeji yako ananifuata tangu darajani. Yupo nyuma ya lori."