Umuvumu wa Rwezamenyo Uliosakafiwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Agosti. Zaina Mukashema anafagia majani chini ya umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, ulio kando ya barabara ya mawe, Rwezamenyo, Kigali. Majani ni mabichi. Mti unayaangusha kabla hayajakauka.

Mukashema, mwenye umri wa miaka 57, ni mfagiaji katika ushirika wa usafi, na mtaa huu ni sehemu yake. Anamaliza mfereji, anarudi kwenye mti.

"Hapa sifagii kwa sababu ya kazi," anasema. "Shafiq yuko hapa."

Shafiq alikuwa mume wake. Aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na mwili wake haujapatikana. Miaka miwili baadaye, familia za mtaa ambazo hazikuwa na kaburi la kuzuru zilichomeka tawi la umuvumu mahali hapa. Lilikatwa kwenye ua wa nyumba ya Mukashema, ambayo ilikuwa imebomolewa. Zamani Wanyarwanda walizungushia maboma yao miti hii. Nyumba ilipotoweka, umuvumu ulibaki kuonyesha kwamba watu waliishi pale.

Mti ulistawi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka juzi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi waliamua kuupamba kabla ya kumbukumbu ya Aprili. Walisakafia saruji kuuzunguka, hadi kwenye shina, wakaipaka rangi ya kijivu ya maombolezo. Hakuna aliyepinga. Mukashema alibeba maji ya kuchanganyia saruji.

"Ilipendeza," anasema. "Wazee walipata pa kukaa bila matope."

Chini ya saruji, mizizi ilikosa hewa. Sakafu ilipovunjwa mwaka huu, mingi ilikuwa imeoza.

"Tulitaka kuuvalisha vizuri," anasema Nasiri Mucyo, fundi cherehani na mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu ya mtaa. "Kumbe kola imebana shingo."

Mwezi huu Kellen Mugenzi, mtaalamu wa miti aliyekulia Uganda, aliukagua mbele ya wakazi. Ushauri wake ulikuwa kwamba ukatwe kabla ya mvua.

"Mama, iko egemea njia," alimwambia Mukashema. "Siku moja itaanguka juu ya watu."

"Iniangukie mimi."

"Ikuangukie wewe, Mama, mtaa utafagiwa na nani?" Nasiri alidakia. "Mimi? Mimi vitambaa vya dukani kwangu tu vimenishinda!"

Watu walicheka. Mukashema hakucheka. Aliomba jambo moja: upande ulio hai ukatwe tawi, lichomekwe kama lile la kwanza. Mugenzi alikubali bila kuahidi.

"Tawi la mti mgonjwa, sijui," alisema. "Tujaribu."

Kwa Mukashema, hakuna njia nyingine. Mahali ilipokuwa nyumba yake pamejengwa upya, na ua wa miti umekuwa ukuta wa matofali.

"Likishika, ni umuvumu ule ule," anasema. "Ulitoka kwangu, ukaja hapa, unaendelea. Lisiposhika, nitamsalimia Shafiq wapi?"

Anasema likichipua atalijengea uzio wa mianzi, lisiguswe na mbuzi wala na watu wa umuganda.

Jumamosi iliyofuata mti ulikatwa. Tawi lilichomekwa karibu na kisiki, na Mukashema akalimwagia maji.

Alhamisi asubuhi lilikuwa halijachipua. Nyiraneza, jirani mwenye umri mkubwa ambaye wanawe wawili waliuawa mwaka 1994 na miili yao nayo haikupatikana, alifika akitembea polepole.

"Mti uko wapi?" aliuliza.

Mukashema alimwonyesha tawi. Nyiraneza alilitazama, kisha akaenda kusimama kwenye kisiki, pale alipozoea kuwasalimia wanawe.