Jirani Aliyesimama Nyuma Yangu

Mume wangu alikufa kwa kisukari katikati ya mwaka wa 2007, tukamzika nyumbani Subukia. Kwetu mazishi lazima yawe na mpiga picha. Anapiga picha ya familia ikizunguka kaburi, kisha wakwe, kisha majirani, kila kundi kwa zamu yake kama darasa la shule. Lakini picha moja ilipigwa bila mtu kupangwa. Mimi nimekaa kwenye udongo, kitambaa kimeteleza kichwani, mdomo wazi. Nyuma yangu amesimama mzee ambaye shamba lake linapakana na letu, panga mkononi. Alikuwa ametoka kukata miti ya kuegeshea jeneza juu ya shimo.

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, alikuwa akisoma Nakuru. Aliniomba picha hiyo kwa ajili ya ndugu ya marehemu aliye ng'ambo, ambaye hakufika mazishini.

"Anti, nitamtumia kwa kompyuta. Ataiona leo leo."

"Mtumie," nikasema. Sikuuliza kingine, na baada ya siku mbili akanirudishia picha.

Jirani si wa kabila letu. Miaka yote hiyo lilikuwa jambo la utani tu. Yeye alicheka viazi vyetu, sisi tukacheka maziwa yake ya kugandisha yaliyotiwa majivu. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka huo watu walipoanza kuchomeana nyumba, utani ulikwisha, lakini aliendelea kunisalimia kupitia ua kila asubuhi.

Mwezi wa pili mpwa wangu alikuja na karatasi aliyoitoa saiba, duka la kompyuta za kukodi mjini. Nilikuwa mimi, kwenye udongo, mdomo wazi. Chini ya picha palikuwa na maneno: Mjane analia. Aliyemuua mumewe ndiye huyo nyuma. Mwangalieni sura. Chini zaidi watu wasionijua waliulizana mzee huyo anaishi wapi.

Nilisoma mara tatu. Niliishia darasa la saba, nikadhani labda sijaelewa.

"Nani ameandika hivi?"

"Sijui, anti. Mimi niliiweka kwenye ukurasa wangu ndio mjomba aione. Marafiki wakaichukua, na marafiki wa marafiki."

"Nilisema umtumie mtu mmoja."

Nilienda kwa jirani jioni ile ile. Kama kuna watu walikuwa wanatafuta sura yake, ilibidi ajue.

Alishika karatasi mbali na macho, akaiangalia muda mrefu.

"Kumbe siku ile nililia," akasema.

Nikatazama. Ni kweli, mashavu yake yalikuwa yamelowa. Picha hiyo ilikuwa imekaa kwenye albamu yangu miezi yote, na mimi nilikuwa nikijiangalia mwenyewe tu.

"Nani aliitoa?"

"Ni mimi, mzee."

"Na uliniuliza?"

"Hapana."

Akaikunja, akanirudishia.

Kesho yake nilienda mjini na mpwa wangu. Tulipitia kwa mpiga picha tumwambie. Alikasirika, lakini kwa jambo lingine.

"Nani aliwaruhusu? Picha ni yangu, ni mimi nilipiga."

"Tuliinunua," mpwa wangu akamjibu.

"Mlinunua karatasi."

Walibishana mlangoni pale, na hakuna aliyemtaja mzee ambaye sura yake ilikuwa hatarini. Nilimvuta mpwa wangu mkono tukaondoka.

Tulipofika saiba, mpwa wangu aliondoa picha kwenye ukurasa wake. Ile nyingine yenye maneno hatukuweza kuiondoa, ilikuwa kwenye ukurasa wa mtu tusiyemjua. Basi niliandika chini yake kwa kidole kimoja: Mume wangu aliuawa na kisukari. Huyu mzee alikata miti ya kaburi lake. Toeni picha.

Tulingoja. Jibu likaja: Wewe ni nani?

Nikaandika: Ni mimi ninayelia hapo.

Mwingine akaandika: Ametishwa huyu, msimwamini.

Niliona uso wangu kwenye kioo cha kompyuta, juu ya uso wangu wa kwenye picha, na hakuna mmoja uliokuwa na nguvu ya kuwashawishi.

Niliporudi Subukia, lango la jirani lilikuwa limefungwa kwa waya. Alikuwa ameenda na mkewe kwa binti yao Rongai. Ng'ombe wake alikuwa amefungwa kwenye ua wangu, ndoo ya kukamulia imefunikwa kando. Nikamkamua kila siku hadi walipoanza kurudi watu, mwezi wa tano.

Siku aliyofungua lango nilimpelekea albamu. Nilimfungulia pale penye picha yetu.

"Mzee, naweza kukaa nayo?"

Alifikiri.

"Hapana. Nipe mimi."

Nikaichomoa nikampa. Pale ilipokuwa sijaweka nyingine. Ile ya kwenye kompyuta sijui iko wapi, wala inaonwa na nani.