Dorothée, Mpanga Mikono

Pale Baraka, miaka ya vita vya pili vya Kongo, kulikuwa na mwanamke ambaye wapasuaji walimtii kuliko walivyomtii mkubwa wao. Jina lake Dorothée, Mbembe wa Lubondja, mwuguzi wa chumba cha upasuaji. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kuchemsha vyombo na kuvikabidhi. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuzuia mikono ya watu wazima isigongane ndani ya tumbo la mtu.

Usicheke. Majeruhi waliletwa kwa machela kutoka barabara ya Fizi, wanne, watano kwa asubuhi moja, na wa kupasua walikuwa wawili tu: Dokta Fabien, na Swedi, mwuguzi aliyejifunza kushika kisu kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ili mgonjwa asiishiwe damu, wote wawili waliingiza mikono pamoja, mmoja akitafuta risasi, mwenzake akibana mishipa. Lakini fahari wawili hawakai zizi moja. Siku moja kisu cha Dokta kikampasua Swedi kidole, wakaanza kulaumiana juu ya tumbo lililo wazi, bila haya.

Dorothée alipandwa na hasira.

"Kwetu bamama batatu banatwanga sombe mu kinu kimoja, na michi haigongane hata mara moja," aliwaambia. "Nyinyi muko babili tu! Kuanzia leo mi nitasema nani anaingia."

Dokta, msomi wa Kinshasa, alinuna siku mbili, kisha akakubali. "Dokta, ingia. Swedi, ngojea. Dokta, toka. Swedi, ingia." Sauti ya Dorothée haikupanda wala kushuka, hata mabomu yalipolia upande wa milimani. Karibu miaka miwili hakuna mkono uliogusa mwingine. Wapo watu Baraka wanaotembea na makovu yao, wanamsifu Dokta, wala hawajui kuna mwingine wa kushukuriwa.

Dorothée alikuwa na mtoto mmoja, Nadège, wa miaka kumi na saba, mcheshi, aliyemwiga mama yake jikoni: "Chumvi, ingia! Mafuta, ngojea!" Asubuhi moja Nadège alikwenda na wenzake kuchimba mihogo. Milio ya bunduki ilianza kabla ya saa nne. Saa tano alikuwa juu ya meza, risasi tumboni.

Dokta Fabien alimtazama Dorothée. "Mama Nadège, toka inje. We iko muzazi wake."

"Nikitoka, nani atasema?"

Dokta akatazama huku na huku chumbani. Isidore, mtu wa dawa ya usingizi, alikuwa akilinda pumzi ya msichana. Wengine hawakuijua kazi ile. Dorothée hakuwahi kumfundisha mtu, na hilo lilimuuma baadaye kuliko mengi. Akanawa mikono, akasimama mahali pake. Alijua kwamba uhai wa mwanawe ulikuwa kwenye ulimi wake.

Akasema, tena akasema vizuri. Swedi anaapa hakuwahi kumsikia akisema vizuri vile. Risasi ikatoka. Mshipa mkubwa ukabanwa kwa koleo, ikabaki kuufunga kwa uzi.

Hapo dawa ikapungua. Nadège hakuamka, ila midomo ilicheza, na sauti ndogo ikatoka: "Mama."

Damu ilikuwa inaanza kupanda, na kila mpasuaji alidhani zamu ni yake. Ilikuwa saa ya kusema, "Swedi, ngojea." Dorothée akasema, "Niko hapa, mwanangu. Niko hapa."

Mikono ikaingia pamoja. Kiwiko kikagonga kifundo cha mkono, koleo likachomoka kwenye mshipa. Walihangaika nusu saa nzima. Saa sita Isidore akaweka sikio kifuani pa msichana, kisha akamfunika uso.

Dokta alimwambia Dorothée kwamba ini lilikwisha kuharibiwa na risasi, kwamba Nadège asingepona hata mikono ingekwenda sawasawa. Alimwambia siku ile, akamwambia Jumapili baada ya misa, akaendelea kumwambia miaka yote. Labda ni kweli. Hakuna ajuaye, na mimi siwapendi wanaojifanya wanajua. Swedi alipiga magoti kuomba msamaha, Dorothée akamwinua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wiki ya pili alirudi mezani, na kando yake alimsimamisha Marthe, mwuguzi mwenzake, amfundishe kusema.

Vita vilipopoa, miaka mingi baadaye, daktari kijana kutoka Bukavu aliwaonyesha wauguzi filamu kwenye kompyuta yake. Mashine yenye mikono minne ya chuma ilikuwa ikimpasua mtu, na mikono ile ilipishana bila kugusana.

"Nani anaiambia mukono gani iingie?" aliuliza Dorothée, nywele zake zikiwa nyeupe sasa.

"Hakuna, Mama. Mashine yenyewe inajua kila mukono iko wapi. Haichoke, haiogope."

Dorothée akaitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Hii ingelikuwako wakati wetu," alisema polepole. Kisha akauliza, "Inasikia mutu akisema?"

Kijana akacheka. "Hapana, Mama. Haisikie kitu."

"Basi mutoto akiita mama yake," Dorothée akasema, "nani anamuitikia?"