Bundi wa Dampo

Kila Desemba, siku ya hesabu ya ndege, watu wa mji wetu kando ya Ziwa Erie hugombania kupangiwa bustani ya ufukweni au kinamasi. Dampo la taka hakuna anayelitaka. Kwa miaka mingi lilikuwa la Dolores Hruska, mjane aliyestaafu upishi wa shule, na mimi nikawa dereva wake.

Msidhani alizoea uchafu. Nyumbani kwake kijiko kikianguka sakafuni kinachemshwa. Lakini wakati wa baridi shakwe, wale ndege wa ziwani, wanashinda damponi, na Dolores alisema asiyewafuata huko hajawahesabu. Basi hujifunga skafu puani, hushuka garini na kuwatazama kwa darubini wakinyang'anyana nepi na ngozi za kuku. "Mwone yule! Anakula nini yule? Ee Mungu, usiniambie." Hucheka, huendelea kuhesabu.

Mwaka ule tulipata mgeni, Craig Tillotson, dalali wa nyumba, mwenye kamera ndefu kama bomba la jiko. Aliliomba dampo mwenyewe, kwa sababu bundi mweupe wa kaskazini alikuwa ameonekana pale. Dolores alifurahi kupata mwenzake, hata akambebea vikeki.

Bundi tulimkuta juu ya rundo la udongo kando ya barabara ya malori, ametulia, mweupe kama unga. Dolores alinishika mkono.

Craig akatoa kiboksi kwenye koti. Kitu kilikuwa kinakwaruza ndani.

"Hicho nini, baba?" Dolores akauliza.

"Panya tu, mama. Wa dukani. Ngoja uone anavyoruka, utapenda."

Kabla hatujamzuia, akarusha mmoja kwenye theluji. Panya wa kufugwa, hata kukimbia hajui. Akakaa pale akinusanusa. Bundi akashuka, akambeba. Kamera ikalia mfululizo.

"Acha! We bwana, acha!"

"Mmoja wa mwisho, mama yangu. Hapa nyuma kuna mifuko ya taka, inaniharibia picha."

Wa pili akamtupa katikati ya barabara, na lori lilikuwa linapanda. Dereva hana kosa, bundi alishuka mbele yake ghafla, macho yote kwa panya. Tulisikia kishindo kidogo, kama mtu amepiga mto.

Dolores alivua koti akamfunga nalo bundi. Bawa lilining'inia kwa ngozi. Akamfia mikononi hata kabla hatujafika kwenye gari. Craig alikuwa bado anazitazama picha zake.

"Aisee, masikini," akasema. "Lakini tumemwona akiwa hai, sivyo? Basi anahesabika."

Dolores akageuka, akatapika. Miaka yote ile dampo halijawahi kumtapisha.

Jioni tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa kwa supu ya maharage na nyama, kama kawaida yetu. Wendell, mratibu wetu, akaonyesha picha ya Craig ukutani: bundi amekunjua mabawa, macho ya njano, anatujia. Watu wakapiga makofi. Dolores akasimama, amevaa sweta tu.

"Huyo ndege amekufa," akasema. "Huyu bwana kamwita barabarani kwa panya, lori likampiga."

Wendell akashusha sauti. "Dolores, mama, watu wanakula. Tutaongea baadaye."

"Jamani, si ajali tu?" mwanamke mmoja akasema.

Craig akainua mabega. "Wapiga picha wote wanafanya hivyo."

"Mnatafuna," Dolores akasema. "Mnanisikia, na bado mnatafuna."

Akaweka bakuli lake mezani bila kuligusa, akatoka kwenye baridi. Nilimfuata na koti langu.

Baadaye Wendell alitangaza kwamba kuwatupia ndege chambo ni marufuku, bila kumtaja mtu. Craig akahamia kundi la mji wa pili, na ile picha ameitundika ofisini kwake, kubwa kama mlango. Bundi alihesabiwa. Dolores bado anashika dampo lake, lakini kwenye ile supu hakanyagi tena.

Majira ya kuchipua walikutana dukani, kwenye rafu ya maziwa. Craig akanyoosha mkono akitabasamu.

"Bado umeninunia tu, mama?"

Dolores alishika kitoroli chake kwa mikono yote miwili. "Sijakununia. Nakuonea kinyaa," akamwambia, akasukuma kitoroli kuelekea kwenye mikate.